Vizibo themanini: shajara ya kichujio cha mkaa wa mifupa, miteremko ya Meru

3 Februari

Leo tumeanza. Naandika jioni hii hii kabla sijasahau mambo madogo, maana miradi ya maji niliyoiona ikifa hapa kwetu ilikufa kwa mambo madogo: koki iliyovuja bila wa kuibadilisha, dawa iliyoisha bila wa kuiagiza.

Kijiji chetu kiko upande wa mashariki wa Mlima Meru, si mbali na Maji ya Chai. Maji hatuna uhaba nayo. Mlima unatupa chemchemi na mifereji, maji meupe, baridi, matamu mdomoni. Shida yetu ni floraidi, madini yanayoharibu meno na mifupa yakizidi. Meru ni volkano, miamba na majivu yake yana floraidi nyingi, na maji yakipita humo huibeba mpaka bombani. Kule kwenye maziwa ya Momella inafika mamia ya miligramu kwa lita. Shirika la Afya Duniani linashauri maji ya kunywa yasizidi miligramu 1.5 kwa lita. Tanzania kwa miaka mingi iliruhusu mpaka 4, kwa sababu kwa kiwango kikali sehemu kama kwetu zingebaki bila chanzo kinachokubalika. Siku hizi kiwango cha nchi nacho ni 1.5. Bomba la shule yetu leo limesoma 6.1.

Mimi ni mwalimu wa kemia na nimezaliwa hapa. Meno yangu ni ya kahawia, yana vishimo. Nilipokwenda chuo, mbali na Arusha, niliulizwa mara nyingi kama navuta sigara, nami nikajizoeza kucheka mdomo ukiwa umefungwa. Meno hupata doa yakiwa bado yanaundwa ndani ya ufizi, tangu uchanga mpaka kama miaka minane, kwa hiyo kwangu mimi kichujio hakitabadilisha kitu. Lakini nina binti wa miaka miwili. Na meno ndiyo sehemu nyepesi ya jambo hili. Tunao wazee wasioweza kugeuza shingo mpaka wageuke mwili mzima, na watoto ambao miguu imepinda kama upinde kabla hawajaanza shule.

Tulio kazini: wanafunzi tisa wa kidato cha tatu, kina mama kumi na wawili wa kikundi cha VICOBA, cha kuweka na kukopeshana fedha, na fundi mmoja wa kuchomelea. Kaya za majaribio ni sita. Fedha ni zetu wenyewe, za kuchanga. Kipimo cha mkononi cha floraidi tumeazimwa na mwanafunzi wangu wa zamani anayefanya kazi za maabara.

6 Februari

Mkutano wa kwanza na kaya sita. Bibi wa kaya ya tatu aliuliza swali ambalo kila mtu alikuwa nalo: "Mwalimu, sisi tunachemsha maji tangu enzi za kipindupindu. Kwa nini tusiendelee kuchemsha tu?"

Nilichukua sufuria, nikamwaga maji ya chumvi, nikayachemsha mbele yao mpaka yakabaki nusu, nikawaonjesha. Chumvi imezidi ukali, haikuondoka na mvuke. Floraidi ni hivyo hivyo: moto unaua vijidudu, lakini madini yanabaki sufuriani na maji yanapungua, kwa hiyo kila lita inayobaki imebeba zaidi. Dawa ya klorini nayo haiigusi. Bibi alikaa kimya kidogo, kisha akasema, "Kwa hiyo miaka yote hii nilikuwa nawapikia wajukuu dawa na sumu kwenye chungu kimoja." Nilimwambia asijilaumu. Kuchemsha kuliwaokoa wajukuu wake na kuhara, na bado itabidi kuendelea, ila baada ya kuchuja.

Jambo jingine nimelisisitiza kwa kina mama wachanga: maziwa ya mama yana floraidi kidogo sana hata kama mama mwenyewe anakunywa maji haya. Mtoto anayenyonya bila kupewa maji wala uji miezi sita ya kwanza amekingwa bila gharama yoyote. Hatari huanza siku anapopikiwa uji wa lishe kwa maji ya bomba letu.

10 Februari

Tumejaribu njia ya shabu na chokaa, ile iliyoanzia India na kupewa jina la wilaya ya Nalgonda. Unakoroga shabu na chokaa ndani ya ndoo, unaacha mashapo yatue, unachota maji ya juu. Inafanya kazi. Lakini kwa maji ya 6 inahitaji shabu nyingi, maji yanabaki na ladha inayokausha ulimi, na kila siku mtu apime, akoroge, asubiri, kisha atafute pa kumwaga matope. Mama mwenye watoto wanne na shamba la migomba hatafanya hivyo siku mia mfululizo. Tumeiacha.

17 Februari

Tumeamua: mkaa wa mifupa. Hatukubuni sisi. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto, hapa hapa Arumeru, kimefanyia kazi mkaa huu kwa miaka mingi, na wenzetu wa Jimbo Katoliki la Nakuru, Kenya, wamekuwa wakiutengeneza na kuuweka kwenye vichujio vya nyumbani na vya vijiji tangu mwishoni mwa miaka ya 1990. Wanafunzi wangu walitaka kujua kwa nini tusinunue vichujio vya nano vya Dkt. Askwar Hilonga wa Taasisi ya Nelson Mandela pale Arusha, aliyeshinda Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Uhandisi mwaka 2015. Niliwaambia ukweli wangu: ninaiheshimu sana kazi ile na ninafurahi kwamba wanamjua. Ila sisi tunataka kitu ambacho kikiharibika saa mbili usiku, kinaweza kutengenezwa kwa vitu vilivyopo kijijini.

Siri ya mfupa ni hii. Sehemu kubwa ya mfupa ni madini ya kalsiamu na fosfeti, na ndani ya madini hayo kuna nafasi ambazo floraidi hupenda kukaa. Ndiyo maana inaingia kwenye mifupa yetu. Tunachofanya ni kuitangulizia mfupa mwingine, wa ng'ombe, ijishibishe humo kabla haijafika kwetu. Nilipowaeleza hivyo, darasa lilinyamaza kabisa.

Mifupa tumeipata bure machinjioni. Kabla ya kuibeba niliwaita imamu wa msikiti wetu na mzee wa kanisa waje waione. Imamu aliuliza mambo mawili: kama kuna mfupa wa nguruwe, na kama wanyama walichinjwa kihalali. Nilimpeleka kwa mchinjaji mwenyewe, wanajuana, wakaongea. Tumekubaliana ni ng'ombe tu, kutoka machinjio yale tu, na kila mzigo utapokelewa na mtu mmoja kutoka kila upande. Najua kuna watu wanaoona hatua hii ni kupoteza muda. Mimi naona kichujio ambacho nusu ya kijiji inakitilia shaka kimeshakufa kabla hakijajazwa.

24 Februari

Uchomaji wa kwanza umeharibika.

Fundi alitengeneza tanuri kutoka pipa la lita 200: matundu machache chini, kifuniko juu, bomba la moshi. Tulichemsha mifupa kwanza kutoa mafuta na nyama, tukaianika siku nne, tukaipanga tabaka kwa tabaka na mkaa wa kawaida. Tuliwasha asubuhi. Kesho yake tulipofungua, mifupa ilikuwa myeupe kama chaki, mizuri kuitazama. Wanafunzi walishangilia. Ikabidi niwaambie kwamba hii haifai.

Mfupa mweupe umepata hewa nyingi na moto mkali mno. Vijitundu vyake vimeungua na kufunga, na uwezo wake wa kunasa floraidi umeporomoka. Tunachotaka ni joto la kati, kama nyuzi 400 mpaka 550, na hewa kidogo sana, mfupa uwe mweusi au kijivu cha kukoza. Kifuniko chetu kilikuwa na ufa wa upana wa kidole. Nusu ya kazi ya wiki nzima imepotelea kwenye ufa huo.

2 Machi

Mara ya pili tuliziba kila mahali kwa udongo wa mfinyanzi, na tukaziba mno. Nje mifupa ni myeusi, ukiivunja ndani ni ya kahawia. Tuliipitishia maji: yalitoka ya manjano, yananuka kama manyoya yaliyoungua. Mwanafunzi mmoja aliyanusa akakimbilia nje. Floraidi ilipungua kweli, lakini hakuna mama atakayempa mtoto maji yale, wala nisingemshawishi afanye hivyo.

9 Machi

Umefaulu. Tulifungua matundu mawili ya chini kwa saa tatu za kwanza mpaka moshi mzito ulipokwisha, kisha tukaziba kila kitu na kuacha tanuri lipoe lenyewe mpaka kesho yake. Mifupa imekuwa kijivu cheusi nje na ndani. Ukiigonga inatoa mlio mkavu wa kigae. Fundi ameandika saa na hatua zote ukutani kwa chaki ya kijani, na nimeomba ukuta ule usipakwe rangi.

Kipimo tunachokitumia sasa ni cha macho: kila mzigo unapotoka tunavunja mifupa kumi na kutazama ndani. Weupe, tunautupa shambani. Ukahawia, unarudi tanurini. Jedwali la rangi limechorwa na wanafunzi na kubandikwa mlangoni kwa fundi.

14 Machi

Kutwanga. Kina mama walileta vinu. Mkaa wa mifupa hautaki kusagwa kuwa unga. Tunataka chenga za ukubwa wa punje ya mchele, au ndogo kidogo. Unga unaziba kichujio, na chenga kubwa zinapitisha maji bila kuyashika. Tunachekecha mara mbili: chekeche la kwanza linazuia makubwa, la pili linadondosha unga. Unga haupotei, una fosfeti, unakwenda kwenye migomba. Tulifunga khanga puani. Vumbi lile si la kuvuta. Nyimbo zilikuwa nzuri kuliko nilivyotarajia kwa kazi chafu namna ile.

Mwishoni chenga zinaoshwa mpaka maji yatoke safi. Kwa mkono mmoja mmoja, ndoo kwa ndoo, ilituchukua mchana wote.

18 Machi

Kichujio cha kwanza: ndoo mbili za lita 20, ya juu ina kilo 5 za mkaa juu ya tabaka jembamba la kokoto na kitambaa, ya chini ina koki. Tulitoboa matundu kumi na mbili kwenye kitako cha ndoo ya juu. Maji yalipita kwa dakika tano. Kipimo: yaliingia 6.1, yakatoka 3.8.

Kosa ni letu. Floraidi inahitaji muda wa kukaa na mfupa. Maji yaliyokimbia namna ile hayakupata muda huo. Fundi alikuja na wazo zuri. Badala ya matundu, tundu moja tu pembeni chini, lenye bomba jembamba linalopanda nje ya ndoo mpaka juu kidogo ya usawa wa mkaa, kisha linashuka kwenye ndoo ya chini. Kwa hiyo mkaa unabaki umezama muda wote, na maji yanatoka polepole kwa kusukumwa na yale mapya yanayomwagwa juu. Sasa ndoo moja inachukua kama dakika arobaini.

Jioni: yaliingia 6.1, yakatoka 0.4.

Nimeirudia mara tatu. 0.4, 0.4, 0.3. Nimempigia mke wangu simu kumwambia, na sauti ilinikatikia.

20 Machi

Furaha ya juzi imenipa usiku mgumu, kwa sababu najua linalofuata. Mkaa huu una mwisho. Nafasi za kushika floraidi zikijaa, maji yanapita vile vile, meupe, baridi, matamu, yakiwa na floraidi yote. Hayabadiliki rangi wala hayanuki. Kichujio cha mchanga kikichoka kinaziba na unakiona. Hiki kinakufa kimya, na mama anaendelea kumpikia mtoto uji akiamini amemkinga. Nadhani huo ni ubaya mkubwa kuliko kutokuwa na kichujio kabisa, kwa sababu asiye na kichujio angalau anakinga maji ya mvua.

Hesabu ya karatasini: tukichukua kwamba gramu 1 ya mkaa inashika miligramu 2 za floraidi kwa matumizi ya kawaida, kilo 5 zinashika miligramu 10,000. Kila lita tunaiondolea kama miligramu 5. Hiyo ni lita 2,000, yaani ndoo 100. Familia inayotumia ndoo moja kwa siku kunywa na kupika itafika kikomo siku ya 100.

Lakini karatasi si ndoo. Kabla sijampa mtu yeyote kichujio, cha shule kitaendeshwa mbio: ndoo nne kwa siku, siku tano za wiki, tukipima kila ndoo ya kumi, mpaka kife mbele ya macho yetu.

2 Aprili

Masika imeshika. Nawaambia wote: kingeni! Maji ya mvua kutoka bati safi hayana floraidi ya kuhesabika. Letu limesoma chini ya 0.2. Mwenye bati na simtanki hahitaji mfupa wangu miezi hii, na laiti kila kaya ingekuwa na tanki la kuvusha kiangazi, ningefunga tanuri kesho. Matanki makubwa ndiyo hakuna. Sehemu kubwa ya watu wanakinga kwa madumu na sufuria, wiki mbili tu baada ya mvua kuisha wamerudi bombani.

16 Aprili

Mkutano wa kina mama leo umetufundisha kitu ambacho sikukipanga. Tulikuwa tukijadili maji ya kupikia, na mama mmoja akasema maharage yake yanalainika haraka kwa sababu anaweka magadi. Kila mtu anaweka magadi. Kande bila magadi inakula kuni za siku mbili.

Magadi haya yanachotwa kwenye kingo za maziwa na mabwawa ya Bonde la Ufa, na yanabeba floraidi nyingi. Niliyeyusha kijiko kidogo kwenye lita moja ya maji ya mvua na kuyapima mbele yao. Kipimo kilipita mwisho wa uwezo wake, kikaandika tu kwamba kimezidiwa. Maji ya mvua yale yale yaliyosoma chini ya 0.2!

Kimya kilikuwa kirefu. Tungeweza kuchuja maji kwa mwaka mzima na kuirudisha floraidi yote ndani ya chungu cha kande. Bibi wa kaya ya tatu ndiye aliyetoa njia: kuloweka maharage na mahindi usiku kucha, kumwaga maji ya kulowekea, kupika bila magadi. Alisema hivyo ndivyo mama yake alivyopika kabla magadi hayajauzwa kwa vipimo dukani. Kaya nne kati ya sita zimekubali kujaribu. Mbili zimesema kuni hazitoshi, na hiyo ni sababu ya kweli, si ukaidi.

28 Aprili

Kichujio cha shule kimekufa leo, na nimekishuhudia. Ndoo ya 10 ilisoma 0.3, ya 40 ilisoma 0.5, ya 60 ilisoma 0.8, ya 70 ilisoma 1.1, ya 80 ilisoma 1.4. Ndoo ya 90 imesoma 1.9. Tulipeleka chupa mbili maabara ya maji mjini kuhakikisha, chupa za plastiki, maana kioo hunywa floraidi na kupotosha majibu. Majibu yao yamekaribiana na yetu.

Kwa hiyo si 100. Ni 80. Kama ningetoa vichujio kwa hesabu ya karatasi, kila kaya ingekunywa ndoo ishirini za maji yasiyofaa bila kujua.

Kuna njia ya kuufufua mkaa kwa kuuosha na kostiki, ile ya kutengenezea sabuni. Nimeifikiria na nimeikataa kwa ngazi ya nyumbani. Kostiki inaunguza ngozi na macho, inahitaji kuoshwa mpaka iishe, na maji yake machafu yana floraidi yote iliyonaswa. Mifupa ni bure. Tutachoma mipya.

1 Juni

Mvua zimekwisha, kaya sita zimefungiwa vichujio. Kila kaya imepewa makopo mawili. Kopo moja lina punje 80 za maharage, jingine tupu. Ukimwaga ndoo moja juu, unahamisha punje moja. Kopo la kwanza likiisha, usinywe tena, mwite mwanafunzi wa zamu. Wazo ni la msichana wa kidato cha tatu ambaye bibi yake hasomi. Nilikuwa nimeandaa kadi za kuweka alama kwa kalamu. Nimeziweka kabatini.

Maelekezo mengine ni mafupi: maji haya ni ya kunywa, ya uji, ya chai na ya chakula, si ya kufua wala kuoga. Baada ya kuchuja, chemsha, kwa sababu mfupa haukingi kipindupindu wala kuhara.

19 Juni

Kaya ya tano iliita: punje zimeisha. Siku kumi na tisa! Nilikwenda mbio nikidhani wanafulia maji ya kichujio. Hapana. Makopo yote mawili yalikuwa tupu na kuna maganda sakafuni. Panya.

Hatujui wametumia ndoo ngapi. Mama alikadiria kumi na tisa au ishirini, tukapima: 0.4. Kichujio kizima. Mtoto wake wa darasa la pili akatoa mfukoni vizibo vya soda anavyochezea, akasema, "Mwalimu, hivi panya hali." Jioni ile wanafunzi wamepita kwenye maduka yote ya barabarani. Tumeokota zaidi ya vizibo mia sita.

25 Juni

Makopo yote sasa yana vizibo. Kuna faida ambayo hatukuifikiria: kizibo kikidondoka kopo la pili kinalia, na watoto wanapenda mlio ule. Wao ndio wanaowakumbusha mama zao kuhesabu.

21 Agosti

Kaya tatu zimefika 80 wiki hii. Tumepima ndoo ya mwisho ya kila moja: 1.2, 1.4, na 2.3.

Hiyo 2.3 ilininyima usingizi. Kichujio ni kile kile, mkaa ni wa tanuri lile lile. Tulikaa na mama wa kaya ile tukarudi nyuma siku moja moja. Mwezi Julai bomba lao lilikatika wiki tatu, wakawa wanachota kisima cha bondeni. Hakuna aliyefikiria kuniambia, maana maji ni maji. Tumekwenda kukipima kisima: 9.0.

Kosa ni langu. Nilihesabu ndoo kama kwamba kila ndoo ina mzigo sawa. Maji ya 9 yanaujaza mkaa mapema zaidi. Kwa uwezo ule ule tulioupima shuleni, kichujio kinachokunywa kisima cha bondeni kinatosha ndoo kama 54 hivi. Tumeweka 50. Kuanzia leo idadi ya vizibo inafuata chanzo, na tumepaka rangi: bomba ni kizibo chekundu, 80, kisima cha bondeni ni cha njano, 50. Kaya inayolazimika kubadili chanzo katikati inahamisha vizibo viwili kwa kila ndoo ya bondeni. Ni kali kuliko hesabu inavyodai, na nimeiacha iwe kali. Mjumbe ameahidi kwamba bomba likikatika, mwanafunzi wa zamu ataarifiwa siku hiyo hiyo.

Mama wa kaya ile aliniuliza kama mwanawe amedhurika. Nilimjibu kwamba maji yale ya 2.3 ni nafuu sana kuliko 9.0 ambayo angekunywa bila kichujio, na kwamba madhara haya huja kwa miaka si kwa wiki. Ni kweli yote mawili. Lakini nilimwomba radhi, kwa sababu aliniamini kwa hesabu yangu.

30 Agosti

Kikundi cha VICOBA kimepitisha mfuko wa mkaa. Kila kaya inaweka kidogo kila wiki pamoja na hisa zake, na fedha hiyo inamlipa fundi kwa uchomaji, mafuta ya pikipiki kutoka machinjioni, na vitendea kazi vya upimaji. Kina mama wamekataa nilipopendekeza shule isimamie. Mwenyekiti wao alisema, "Mwalimu, wewe unaweza kuhamishwa." Ni kweli, naweza. Mtunza hazina ameanza kujifunza kutumia kipimo.

6 Septemba

Leo tumebadilisha mkaa kwa bibi wa kaya ya tatu. Mkaa uliochoka tumeuzika kwenye shimo refu mbali na mfereji, si kwenye migomba, kwa kuwa umebeba floraidi yote ya miezi mitatu. Ndoo imesuguliwa, kokoto zimeoshwa, kilo 5 mpya zimepimwa kwa mizani ya duka. Maji ya kwanza tumeyamwaga, ya pili yamesoma 0.3.

Bibi alikaa kwenye kigoda akahesabu vizibo vyekundu kuvirudisha kopo la kwanza. Mjukuu wake wa miaka mitatu alikuwa akimpokeza kimoja kimoja. Walifika sabini na tisa. Kimoja kimepotea. Nilitaka kutoa kingine mfukoni, akanizuia: anaanza na sabini na tisa, asije akazidisha.

Mkaa uliobaki ghalani ni wa kaya mbili tu. Mzigo wa mifupa unakuja Jumamosi alfajiri, na kaya nyingine nane zimeshajiandikisha.